Kuona kijidudu bila ukungu: mwongozo kamili wa lenzi ya mafuta, kutoka tone la damu hadi kipande cha tishu

Malalamiko ni yaleyale kila maabara ninayoingia: "Hadubini hii haioni vizuri, tuagizieni nyingine." Nikikaa kitini naikuta kondensa, ile lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga, imeshushwa hadi mwisho, kiwambo chake kimebanwa, na lenzi ya 40 (inayokuza mara 40) imeganda mafuta ya wiki iliyopita. Baada ya robo saa hadubini ileile inaonyesha pete za malaria zilizokolea, nukta yake nyekundu na duara lake la buluu. Haikuwa mbovu. Ilinyimwa mwanga.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara, wanafunzi, na watafiti wanaotaka kuona vijidudu na tishu zilizoambukizwa kwa ukali wote ambao kioo chao kinaweza kutoa. Nitakaa sana kwenye mwanga na kwenye slaidi, maana huko ndiko ukali unakopotea.

Ukuzaji ni kitu kimoja, kutenganisha ni kingine

Simama usiku kando ya barabara kuu iliyonyooka. Gari likiwa mbali unaona taa moja. Likisogea, taa inagawanyika kuwa mbili. Taa zilikuwa mbili tangu mwanzo, ila jicho halikuweza kuzitenganisha. Hadubini nayo iko hivyo. Kukuza ni kuifanya picha iwe kubwa, na kutenganisha ni kuona kwamba nukta hizi ni mbili, si moja. Ukikuza picha isiyotenganishwa unapata ukungu mkubwa zaidi.

Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alionyesha mpaka wa jambo hili. Umbali mdogo kabisa unaoweza kutenganishwa ni urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa NA mara mbili. NA ni namba inayoeleza upana wa pembe ambayo lenzi inaweza kupokea mwanga, na imechorwa ubavuni mwa kila lenzi. Itazame kwenye hadubini yako leo: lenzi ya 10 huwa na 0.25, ya 40 huwa na 0.65, na ya 100 huwa na 1.25 au zaidi kidogo.

Tukichukua mwanga wa kijani wa nanomita 550, lenzi ya 10 inatenganisha vitu vilivyo umbali wa mikromita 1.1, ya 40 inafika 0.42, na ya 100 inafika 0.22. Sasa linganisha na unachokitafuta. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Pete changa ya Plasmodium falciparum ina kama 1 hadi 2, na nukta yake ya kiini ni ndogo zaidi. Bakteria wa TB ana urefu wa 2 hadi 4, lakini unene wake ni 0.2 hadi 0.5 tu, yaani yuko ukingoni kabisa mwa kinachowezekana. Kwa hiyo hakuna ukali wa kupoteza hovyo. Lenzi ya 100 iliyonyimwa mwanga hushuka ukali hadi kiwango cha ile ya 40, na mtu akaandika "hakuna vimelea".

Jambo moja la kuokoa fedha: ukuzaji wenye faida hauzidi mara 1000 ya NA. Lenzi ya 1.25 imefikia mwisho wake kwenye ukuzaji wa 1250. Kumnunulia mtu lenzi ya jicho ya mara 20 ili aone TB "kwa ukubwa" hakumpi taarifa yoyote mpya.

Mafuta yanafanya nini hasa

Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda. Miale inayotoka kwa pembe kubwa haitoki kabisa, inarudi ndani ya kioo. Miale hiyo ndiyo iliyobeba maelezo madogo kabisa ya kitu. Mafuta ya lenzi yana kipimo cha kupinda mwanga cha 1.515 hivi, karibu sawa na kioo chenye 1.52. Ukijaza mafuta kati ya slaidi na lenzi, mwale unapita kana kwamba kioo hakijaisha. Bila mafuta NA haiwezi kuvuka 1, hata lenzi ingekuwa ya bei gani.

Tone moja linatosha. Lidondoshe kutoka juu, kijiti kisiguse slaidi, kwani kijiti kilichogusa slaidi yenye TB hubeba bakteria hadi slaidi ya mgonjwa mwingine. Zungusha lenzi ya 100 iingie kwenye tone polepole. Kisha toa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba: ukiona duara jeusi au kitu kama kifungo kinachosogea, ni povu la hewa. Sogeza lenzi kushoto na kulia mara mbili tatu. Lisipotoka, futa uanze upya. Povu moja linaharibu picha nzima, na mtu asiyechungulia atahangaika na skrubu asubuhi yote.

Usitumie mafuta ya kupikia wala ya mashine. Hayapindi mwanga kama kioo, na mengine hugandia lenzi.

Kupanga mwanga

Njia hii ilielezwa na August Köhler mwaka 1893, na ndiyo inayotumika hadi leo. Weka slaidi yenye rangi, ipate kwa lenzi ya 10 hadi iwe kali. Bana kiwambo cha chini, kile kilicho juu ya taa, mpaka uone mwanga umekuwa kisiwa kidogo chenye kingo za ukungu. Pandisha au shusha kondensa mpaka kingo zile ziwe kali kama zimekatwa kwa wembe. Kisiwa kikiwa pembeni, kilete katikati kwa skrubu mbili za kondensa. Kisha fungua kiwambo hicho mpaka kingo zitoke tu nje ya uwanja wa kuonea, usizidishe. Mwisho, toa lenzi ya jicho, chungulia bombani, na ufungue kiwambo cha kondensa mpaka mwanga ujaze robo tatu hivi ya duara unaloliona.

Hadubini nyingi za vituo vya afya hazina kiwambo cha chini. Usikate tamaa. Weka ncha ya penseli juu ya dirisha la taa, pandisha kondensa mpaka uione ncha hiyo kali pamoja na slaidi, kisha toa penseli. Mara nyingi kondensa itakuwa imekaribia kugusa slaidi. Mahali pake kwa lenzi ya 100 ni hapo.

Picha ikiwa na mwanga mkali mno unaoumiza macho, punguza taa kwa kitufe chake. Usishushe kondensa na usibane kiwambo. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona, na linafundishwa kwa nia njema: "shusha kondensa, utaona vizuri." Ukibana, mistari inakolea na macho yanatulia, lakini miale ya pembeni imekatwa, na ukali umekwenda nayo.

Robert Koch aliligundua hili mwaka 1878. Alipotafuta bakteria ndani ya tishu aliona kwamba kondensa ya Abbe ikiachwa wazi kabisa, mistari na vivuli vya tishu hufifia, na kinachobaki ni rangi peke yake, hivyo bakteria waliotiwa rangi hujitokeza. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Machi 1882, aliutangazia mkutano wa Berlin kwamba amemwona bakteria wa TB. Huyuhuyu Koch alikuja baadaye visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907, kuchunguza malale. Somo lake lifanye sheria mezani kwako: kilichotiwa rangi, fungua mwanga, kisichotiwa rangi, bana. Tone bichi la damu lenye trypanosoma (kimelea cha malale), au maji ya uti wa mgongo unayotafutia kuvu wa Cryptococcus kwa wino, yanahitaji kivuli ili kitu kionekane. Damu iliyotiwa rangi ya Giemsa na makohozi yaliyotiwa rangi ya TB, Ziehl-Neelsen, havikihitaji.

Slaidi ya damu

Alphonse Laveran aliona vimelea vya malaria mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, kwenye damu bichi isiyo na rangi. Ilimhitaji subira kubwa. Sisi tuna rangi ya Gustav Giemsa tangu 1904, kwa hiyo kazi yetu ni kuitendea haki.

Slaidi iwe safi kiasi cha kuteleza, isiyo na alama za vidole. Weka tone nene la mikrolita 6 hivi na ulitandaze liwe duara la milimita 12. Kipimo cha zamani bado ni kizuri: weka slaidi juu ya gazeti, uweze kusoma maandishi kwa shida kidogo kupitia damu. Ukisoma kwa urahisi ni nyembamba mno, na usipoyaona kabisa ni nene mno, itabanduka wakati wa kuosha. Kando yake, tandaza utando mwembamba wenye mwisho kama unyoya.

Acha vikauke kabisa kwa hewa, mbali na moto na jua. Joto hugandisha chembe nyekundu za tone nene, hazitapasuka tena, na vimelea watafichwa chini yake. Gandisha utando mwembamba peke yake kwa methanoli kwa sekunde chache, ukiinamisha slaidi ili hata mvuke usifike kwenye tone nene.

Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hufaa kazi ya haraka, na ya asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45 hutoa rangi nzuri zaidi pale usipobanwa na muda. Maji yake yawe na pH 7.2. Namba hii si mapambo. Maji yakiwa na asidi, kiini cha kimelea hupauka na chembe nyekundu huwa za waridi kali. Yakizidi upande wa pili kila kitu huwa buluu. Nukta za Schüffner, zile ndogo ndani ya chembe nyekundu ambazo ndizo zinakusaidia kuwatambua vivax au ovale (aina nyingine za malaria), hazitokei pH ikiwa ya chini. Chuja rangi kabla ya kuichanganya, na ukimaliza usiimwage slaidi ikiwa imeinama: mimina maji taratibu kutoka pembeni ili utando wa juu uelee na kuondoka, usije ukakaa juu ya damu yako.

Sasa soma. Pete ya kweli ina rangi mbili: kiini chekundu cha kukolea na utepe wa buluu. Chembe sahani (zinazogandisha damu) ni za zambarau zilizochanganyika, hazina utepe. Chembe za rangi iliyoganda hung'aa na huwa kali ukiwa juu kidogo ya usawa wa damu, kwa hiyo gusa skrubu ndogo kila unaposhuku. Falciparum utamjua kwa pete nyembamba, zaidi ya moja katika chembe, na gametosaiti zake (hatua yake ya uzazi) zenye umbo la ndizi.

Usiandike "hakuna" kabla ya kupitia nyanja 100 za tone nene. Kwa kuhesabu, hesabu vimelea pamoja na chembe nyeupe hadi 200, na vimelea wakiwa wachache endelea hadi 500. Zidisha idadi ya vimelea kwa 8000, ugawanye kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Vimelea 150 dhidi ya chembe nyeupe 200 ni 6000 kwa kila mikrolita.

Lenzi ya 40 kwenye slaidi ya damu isiyofunikwa hutoa picha ya maziwa, na watu hudhani imeharibika. Imetengenezwa kutazama kupitia kioo cha kufunikia cha milimita 0.17. Weka tone la mafuta juu ya damu, funika kwa kioo hicho, kisha itazame tena. Utashangaa.

Makohozi

Hapa nitapita haraka, kwani taratibu za TB zimeandikwa ukutani katika maabara nyingi. Utando uwe wa sentimita 2 kwa 3, uliotandazwa sawasawa, uliokauka kabla ya kupitishwa motoni. Fuksini, ile rangi nyekundu, ipashwe mpaka itoe mvuke, isichemke. Methilini buluu isizidi: ikikolea sana inamfunika bakteria mwekundu. Hesabu kwa kiwango kinachojulikana: hakuna katika nyanja 100 ni hasi, 1 hadi 9 andika idadi kamili, 10 hadi 99 ni 1+, na zaidi ya hapo unahesabu kwa uwanja mmoja mmoja.

Kumbuka pia kwamba makohozi yanahitaji kuwa na bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ili hadubini iwaone. Slaidi hasi haimwondolei mgonjwa TB. Ukiwa na hadubini ya LED na rangi ya auramini, bakteria huwaka manjano-kijani kwenye giza, unatumia lenzi ndogo na kupitia eneo kubwa kwa muda mfupi. Shirika la Afya Duniani limeipendekeza, na naunga mkono kwa moyo wote: macho ya mtu anayesoma slaidi 20 kwa siku yanastahili msaada huo.

Tishu iliyoambukizwa

Kosa la tishu hufanyika chumba cha upasuaji, kabla hata ya maabara kuiona. Kipande chote kinatumbukizwa kwenye fomalini, kisha wiki mbili baadaye mtu anauliza kama kinaweza kuoteshwa. Hakiwezi, kila kitu kimekufa. Kigawe kabla: nusu kwenye chombo safi chenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu kwa ajili ya kuotesha, nusu kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa pH.

Fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Huingia kwa kasi ya milimita 1 kwa saa hivi, kwa hiyo bonge la sentimita 3 lililosongwa ndani ya kichupa cha dawa litaoza katikati huku nje likionekana zuri. Kata vipande visivyozidi milimita 4 hadi 5.

Baada ya kuigandisha tishu ndani ya parafini (nta), kata kwa unene wa mikromita 3 hadi 4. Hapa kuna jambo linalowapotea wengi: lenzi ya 100 huona vizuri usawa usiofika mikromita 1 kwa wakati mmoja. Kipande cha mikromita 4 kina ghorofa kadhaa, na bakteria anaweza kuwa ghorofa yoyote. Kidole kisitoke kwenye skrubu ndogo. Zungusha mbele na nyuma katika kila uwanja.

Anza na H&E (rangi ya kawaida ya tishu, hematoksilini na eosini) kwa lenzi ya 10 kutafuta eneo, usianze na mafuta. Ukiona granuloma (kivimbe cha chembe za kinga) yenye katikati iliyooza kama jibini na chembe kubwa za Langhans zenye viini vingi, weka alama, kisha chukua kipande cha jirani kilichotiwa Ziehl-Neelsen na utafute ukingoni mwa sehemu iliyooza. Bakteria katika tishu ni wachache mno kuliko katika makohozi, kwa hiyo tenga nusu saa, na uwe na slaidi ya mfano iliyotiwa rangi siku hiyohiyo. Kwa ukoma, Ziehl-Neelsen ya kawaida humfua bakteria rangi yake. Njia ya Fite huondoa parafini kwa zaili (kiyeyushi) iliyochanganywa na mafuta ya karanga, mafuta yanakinga ukuta wa bakteria na rangi inabaki. Kuvu watafute kwa rangi ya PAS au kwa rangi ya fedha ya Grocott, ambayo huwatia weusi juu ya kijani.

Mwanga ukiishiwa

Virusi vya UKIMWI vina kama nanomita 100 na vya polio kama 30. Hakuna mafuta yatakayovionyesha. Ernst Ruska na Max Knoll walijenga hadubini ya kwanza ya elektroni Berlin mwaka 1931, na Ruska akapewa Nobel mwaka 1986. Mwaka 1976 damu kutoka Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, ilisafirishwa ndani ya chupa ya chai hadi Antwerp, na hadubini ya elektroni ikaonyesha uzi mrefu uliojipinda. Tunakiita leo Ebola.

Ukitaka kupeleka tishu kwenye hadubini hiyo, kata vipande vya milimita 1 papo hapo na uviweke kwenye glutaraldehidi ya asilimia 2.5, baridi. Fomalini ya kawaida huacha utando wa seli umechakaa. Kule watavipitisha kwenye osmiamu, watavigandisha kwenye resini, na kuvikata kwa unene wa nanomita 60 hadi 90 kwa kisu cha almasi.

Kati ya mwanga na elektroni pana njia za fluoresensi (molekuli zinazowaka zikimulikwa) zinazovuka mpaka wa Abbe, zilizowapa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner Nobel ya kemia mwaka 2014. Vyombo vyake ni ghali. Ninayoiona kuwa na mustakabali kwetu ni ile ya mwaka 2015 ya kuivimbisha sampuli yenyewe: tishu inashikanishwa na jeli inayofyonza maji, inapanuka mara 4 hivi kila upande, na hadubini ya kawaida ya fluoresensi inaona yaliyokuwa nanomita 70.

Picha

Kamera iliyofungwa juu ya lenzi ya 100 bila kipunguza hupokea picha ambayo nukta zake zinazotenganishika ziko mikromita 22 moja hadi nyingine. Pikseli isizidi nusu yake, yaani 11. Kamera nyingi za leo zimeshapita hapo, kwa hiyo usilipie megapikseli kabla ya kupanga mwanga. Sawazisha weupe kwenye sehemu tupu ya slaidi. Piga picha ya rula ya hadubini, yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kwa kila lenzi, uweke mstari wa kipimo kwenye kila picha. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili inayotunza maelezo yote ya picha. Jina la mgonjwa lisionekane popote.

Kutunza lenzi

Pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa, adui ni ukungu unaoota juu ya lenzi kama utando wa buibui. Weka hadubini kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka usiku, au silika jeli unayoikausha inapobadilika rangi. Mfuniko wa plastiki peke yake hufungia unyevu ndani.

Kila jioni futa mafuta kwa karatasi ya lenzi, kwa kugusisha, bila kusugua. Kwa yaliyoganda, lowesha karatasi kidogo kwa mchanganyiko wa etha 7 na alkoholi 3, mbali na moto. Zaili huyeyusha gundi inayoshika vioo. Kama lenzi ya 40 iliguswa na mafuta, isafishe muda uleule. Kisha fungua lenzi ya jicho, igeuze kichwa chini na uitumie kama kioo cha kukuzia, ukiishika karibu na ncha ya lenzi ya 100 kwenye mwanga wa dirisha: mkwaruzo, ukungu au mabaki ya mafuta yataonekana hapo hapo.